Uliza Ujibiwe: Mji Unaweza Kukulegezea Masharti ya Bango?

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Nina duka la dawa muhimu huku Mwanga, Kigoma. Fremu yangu iko bondeni, ngazi 16 chini ya barabara. Nimeambiwa masharti ya mji yanataka kibao cha duka kibandikwe ukutani, chini ya upenu, na kwamba nguzo haziruhusiwi mbele ya fremu. Nikibandika ukutani, mtu aliyesimama barabarani haoni kitu ila mgongo wa bati na matawi ya mwembe wa jirani. Fundi ananishauri nisimamishe kwanza nguzo ya mita 6 yenye ubao wa mita 3 kwa 2, ruhusa itafuata. Jirani anasema asiye na mtu wa kumfahamu ofisini hawezi kulegezewa. Mimi ni mjane, ninasomesha watoto 4 kwa duka hili. Je, mji unaweza kunilegezea, na kwa sababu zipi? (Msomaji wa Mwanga, Kigoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa majukumu. Nianze na ushauri wa fundi, kwa kuwa unaweza kukugharimu kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Usisimamishe nguzo. Anayejenga kwanza na kuomba baadaye huacha kuwa mwombaji akawa mkosaji, na sababu zake, hata zikiwa nzuri namna gani, husomwa pamoja na notisi ya kung'oa alichojenga. Tena, ombi la kulegezewa masharti husimama juu ya shida ambayo mwombaji hakujitengenezea. Bonde hukulichimba wewe. Lakini zege ukishalimwaga na chuma ukishakichomelea, hasara ya kuving'oa ni ya kujitakia, na hakuna ofisi inayopaswa kuihesabu upande wako.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Jambo la kwanza la kutafuta ni mamlaka, yaani kama sheria ndogo inayohusu mabango imempa mtu au kamati yoyote uwezo wa kulegeza masharti yake. Sheria ndogo za halmashauri za miji hutungwa na baraza la madiwani chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana kuidhinishwa, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kitu kilichopita njia ndefu hivyo hakiwezi kuwekwa kando kwa neno la mdomo la mwenyekiti wa mtaa, la diwani, wala la mkurugenzi mwenyewe. Basi nenda kwa afisa sheria wa halmashauri, uombe kuiona sheria ndogo yenyewe badala ya kutegemea ulichosimuliwa, na uisome ukitafuta maneno kama «isipokuwa kwa kibali cha maandishi cha» au «Mkurugenzi anaweza, kama ataridhika kwamba». Maneno hayo yakiwemo, yatakuambia pia nani wa kumwandikia na aridhike na nini. Yasipokuwemo, hakuna wa kukulegezea, na yeyote atakayekuahidi kufanya hivyo anakuuzia kitu asicho nacho. Njia itakayobaki itakuwa kumwomba diwani wako apeleke hoja ya kurekebisha sheria ndogo, na hiyo ni njia ndefu ingawa ni halali.

Soma pia orodha ya vitu ambavyo sheria yenyewe imeviacha nje ya masharti, kwa sababu mara nyingi mtu huomba kulegezewa jambo ambalo halikuwa limekatazwa. Huko Uingereza, kwa mfano, kanuni za matangazo za 2007 zinaruhusu kibao kidogo cha shughuli ya mtaa, kisichozidi mita za mraba 0.6, kiwekwe bila kuomba, mradi kisitangulie shughuli kwa zaidi ya siku 28 na kiondolewe ndani ya siku 14 baada yake. Huo ni msamaha wa jumla: anaupata kila anayetimiza vipimo, na hakuna anayepiga magoti. Unachokitafuta wewe ni kitu kingine, yaani sharti lililo sahihi kwa wote lilegezwe mahali pamoja tu, kwenye kiwanja chako.

Wazo la kulegeza namna hiyo lina historia. Jiji la New York lilipotunga kanuni zake za kugawa maeneo (kipi kijengwe wapi) mwaka 1916, lilijua kwamba hakuna mwandishi wa sheria anayeweza kuona kila kiwanja kwa jicho la akili, kwa hiyo likaweka bodi ya kusikiliza walioumizwa na kanuni kuliko ilivyokusudiwa. Kufikia 1926 serikali ya Marekani ilikuwa imechapisha sheria ya mfano kwa majimbo yake yote, na humo kipimo cha kulegeza kiliwekwa wazi: pawe na hali ya pekee ya mahali, kulishika neno la sheria kama lilivyo kulete mateso yasiyo ya lazima, na kulegeza kusidhuru maslahi ya umma wala kuua kusudio la sheria. Sheria hiyo haitufungi sisi. Hata hivyo nimeona kwamba hata pale ambapo sheria ndogo haikutaja vipimo vyovyote, afisa mwenye busara hujikuta akiuliza maswali hayohayo, kwa hiyo ni vizuri uyajibu kabla hajauliza.

Hali ya pekee ya mahali unayo, na ni bora uioneshe badala ya kuieleza. Simama ukingoni mwa barabara, mbele ya ngazi zako, piga picha ukiangalia chini. Kisha nenda hatua 30 upande wa kushoto na hatua 30 upande wa kulia, upige nyingine. Chukua futi kamba, mwombe kijana ashikilie ncha moja, upime kimo cha ngazi moja. Kikiwa sentimita 18, ngazi 16 ni karibu mita 2.9, maana yake sakafu ya duka lako iko karibu mita 3 chini ya barabara. Upenu wa fremu nyingi uko mita 2.7 hivi kutoka sakafuni. Kwa hiyo hata kibao kikipandishwa hadi kigusane na bati, bado kitakuwa chini ya nyayo za mpita njia. Hesabu hiyo ndiyo moyo wa ombi lako. Mji wetu umejengwa juu ya miteremko inayoshuka kuelekea ziwani, lakini sharti la kubandika kibao ukutani ni sharti la mtaa tambarare, ambako ukuta na macho ya mtu viko kwenye kimo kimoja. Kusudio lake ni kwamba duka litambulike bila nguzo kujazana njiani. Kwako, ukuta hautambulishi chochote, na hapo ndipo mji unapokuwa na sababu halali ya kulegeza.

Sasa nitasema jambo ambalo najua litakuuma. Usiweke ujane wako katika ombi, wala ada za watoto. Si kwamba havina uzito; nimevisoma na vimenigusa. Lakini masharti hulegezwa kwa ajili ya kiwanja, na kiwanja hakifiwi na mume. Ukipewa kibali kwa sababu ya ujane, kesho ukiuza duka kwa mtu mwenye mali nyingi, nguzo itabaki imesimama juu ya sababu ambayo haipo tena, na mjane mwingine mwenye fremu ya barabarani atauliza kwa haki kwa nini yeye hakupewa. Ukipewa kwa sababu ya bonde, kibali kina msingi maadamu bonde lipo. Vivyo hivyo, usitegemee sana kwamba unauza dawa. Ni kweli kwamba anayetafuta dawa ya mtoto usiku anahitaji kuliona duka lako, na sentensi moja ya kueleza hivyo haina ubaya. Lakini leseni ya dawa inatoka kwenye mamlaka nyingine kwa sababu nyingine, na muuza saruji aliye kwenye bonde kama lako ana haki ileile ya kuonekana.

Kipimo kinachofuata ndicho kinachowaangusha wengi: anayelegezewa hulegezewa kwa kiasi kinachotosha kuondoa shida, basi. Nguzo ya mita 6 ya fundi wako itatokeza mita 3 nzima juu ya barabara, na ubao wa mita 3 kwa 2 utaziba fremu za jirani zako. Hiyo haiondoi shida ya bonde. Inakupa faida ambayo hata walio juu ya barabara hawana. Omba nguzo ya mita 5 kutoka ardhi ya kiwanja chako. Mita 3 za chini zitamezwa na bonde, mbili zitaonekana, na ubao wa mita 1.2 kwa mita 1 utakaa juu kabisa ya hizo mbili, mahali ambapo dereva wa bajaji anauona bila kuinua shingo. Sema katika ombi kwamba hautawekwa taa za kumweka, na kwamba kibao cha ukutani hutakiweka kabisa, ili ionekane kwamba umekihamisha kibao ulichoruhusiwa na hukuongeza cha pili. Kama mimi ndiye ningekuwa napokea maombi, mwombaji aliyepunguza mwenyewe ndiye ningemsikiliza kwanza.

Hakikisha pia nguzo iko ndani ya mpaka wako. Hapa mji hauna la kulegeza, kwa sababu hauwezi kutoa kisicho chake. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua hifadhi ya barabara (eneo la kando lililotengwa kwa ajili ya barabara) kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara, na msimamizi wake ni TANROADS, Wakala wa Barabara. Barabara nyingine za mjini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanza kazi 2017. Kibali cha halmashauri hakikulindi kama mguu wa nguzo umesimama katika hifadhi ya barabara ya mwingine. Tafuta jiwe la mpaka, linganisha na mchoro wa mipango miji, na ukiona mashaka mwombe mpima aje kabla ya kuandika ombi.

Nimeyaacha maneno ya jirani yako hadi hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo yanayonisikitisha zaidi. Uwezo wa kulegeza ukiwa mikononi mwa mtu mmoja bila vipimo vilivyoandikwa, hata mtu huyo akiwa mwadilifu, wananchi wataamini kwamba anapendelea, na hatakuwa na namna ya kuonyesha kwamba hapendelei. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mji wa Lakewood, katika jimbo la Ohio, ambako meya alikuwa na uwezo wa kutoa au kukataa vibali vya masanduku ya kuuzia magazeti kando ya njia bila kufungwa na vigezo vyovyote. Mahakama ilisema uwezo usio na mipaka kiasi hicho ni kasoro yenyewe, bila kusubiri meya autumie vibaya. Sisi tuna Katiba yetu ya 1977, ambayo Ibara yake ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na inampa mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na chombo fulani haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa. Kwa hiyo andika barua, usiende kwa mdomo. Ambatisha picha, vipimo, mchoro mdogo wa mkono na nakala ya hati yako. Ombi ligongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala utakayobaki nayo. Mwisho wa barua omba kwamba uamuzi, uwe wa kukubali au kukataa, uje kwa maandishi ukiwa na sababu. Ukikataliwa kwa sababu, utajua cha kurekebisha au cha kukatia rufaa. Ukikubaliwa kwa sababu, jirani yako ataweza kuisoma na kuona kwamba hukumfahamu mtu.

SWALI: Nina nyumba ya wageni Ujiji, si mbali na Kumbukumbu ya Livingstone. Nataka kibao kikubwa kuliko kinachoruhusiwa. Rafiki ameniambia kwamba nikiandika habari za historia na utalii juu yake, kitahesabiwa cha elimu na nitaruhusiwa. Ni kweli? (Msomaji wa Ujiji)

JIBU: Ndugu yangu, sikushauri. Kwanza, ukubwa wa ubao hauna uhusiano na kilichoandikwa: ubao wa mita 4 unaziba njia na mandhari kwa kiasi kilekile ukiwa na tangazo la vyumba au ukiwa na aya ya historia. Mji unaoanza kulegeza kwa kusoma maneno unajiingiza katika kazi ya kuamua maneno ya nani ni bora, na kazi hiyo imewaponza wengi. Katika mji wa Gilbert, jimbo la Arizona, kibao cha siasa kiliruhusiwa kufika futi za mraba 32, cha kueneza mawazo futi 20, lakini cha kanisa dogo kuelekeza waumini mahali pa ibada hakikuruhusiwa kuzidi futi 6, tena kikae saa 12 tu kabla ya ibada na saa moja baada yake. Mwaka 2015 majaji wote tisa wa mahakama ya juu ya nchi hiyo walikubaliana kwamba mgawanyo huo hauwezi kusimama.

Kisa cha Ladue, Missouri, kinaonyesha upande wa pili. Mji ule ulikuwa umekataza karibu vibao vyote majumbani ili kulinda sura yake, huku ukiacha nje vichache kama vya kuuza nyumba. Mwanamke mmoja aliweka mbele ya nyumba yake kibao cha kupinga vita vya Ghuba, akaomba baraza limlegezee, likakataa. Baadaye aliweka dirishani karatasi isiyozidi ukubwa wa karatasi ya kawaida ya kuandikia barua, nayo pia ikawa kosa. Mwaka 1994 mahakama ile ile ya juu ilimpa haki kwa kauli moja. Ninavyokielewa kisa hicho, baraza lilikuwa na nafasi nzuri ya kulegeza mapema, kwa kibao kisichomziba mtu wala kumhatarisha mpita njia, likaiacha ipite, na mwishowe likaipoteza sheria yenyewe.

Pili, na hili ni zito zaidi kwako, ukaribu wako na Kumbukumbu unafanya ombi liwe gumu. Watu huja Ujiji kusimama mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya miembe inayosemekana ilitokana na ule wa asili. Mahali pa aina hiyo ni urithi unaolindwa, na kibao kikubwa kando yake kinaugusa umma moja kwa moja. Wageni wako wanakuja hapo tayari kwa miguu yao. Kibao kidogo chenye herufi safi, rangi mbili tu, kwenye kona wanakopinda kurudi mjini, kitawafikia wote, na pengine hakitahitaji kulegezewa sharti lolote. Kabla ya kuchora chochote, zungumza pia na watumishi walio hapo Kumbukumbu.

SWALI: Kibao cha marehemu baba kimekaa juu ya paa la duka tangu kabla masharti ya sasa hayajatungwa. Je, nalazimika kukishusha, au niombe kulegezewa? (Msomaji wa Gungu, Kigoma)

JIBU: Hilo si suala la kulegezewa bali la masharti ya mpito. Tafuta katika sheria ndogo kifungu kinachozungumzia mabango yaliyokuwapo siku ilipoanza kutumika. Huenda kinayaacha, huenda kinayapa muda maalumu, na muda huo huhesabiwa kuanzia tarehe iliyotajwa humo. Miji mingi ya Marekani huyaacha yabaki kwa sharti kwamba yasiongezwe ukubwa, na kwamba yakianguka au kuharibika sehemu kubwa yasijengwe upya ila kwa masharti mapya. Ukikuta kifungu cha namna hiyo, kipake rangi na kuziba kutu, lakini usikibadilishe fremu wala vipimo. Na bila kujali sheria inasemaje, mpandishe fundi juu ya paa kabla ya masika, akague boliti na vyuma vinavyokishikilia, maana kibao kikongwe kikidondoka juu ya mtu, umri wake hautakuwa utetezi.